Mwili Unaokua, Hekalu la Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 16:7, Zab. 139:13–16, 1 Kor. 6:19, 20; Kol. 2:20–23, Dan. 1:8–16, 1 Fal. 19:4–8, Isa. 58:3–7, Mit. 12:18, Mk. 5:35–43.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri. Mtume anaweka kula, kunywa na kila tendo jingine chini ya kusudi moja, yaani utukufu wa Mungu.

Hebu tufikirie habari ya binti mmoja wa miaka 15, mwimbaji wa kwaya ya vijana. Sabato moja baada ya ibada alikuwa kwenye mstari wa kusalimiana nje ya kanisa. Mama mmoja mtu mzima, anayeheshimika sana, alimshika mkono akasema kwa sauti, "He, mwanangu! Umenenepa hivi? Utatuvunjia mabenchi ya kanisa!" Watu wakacheka. Binti naye akacheka. Usiku ule hakula.

Jumatatu aliondoka kwenda shule bila kunywa chai. Jumatano alimwambia mama yake kwamba anafunga na kuomba kwa ajili ya mitihani. Juma lililofuata alifunga siku tatu. Mama yake alifurahi, akawaambia akina mama wenzake kwamba mtoto amekua kiroho. Kisha asubuhi moja binti akaanguka kwenye mstari wa shule. Pale zahanati muuguzi alimwuliza amekula nini tangu jana. Binti akanyamaza kwa muda mrefu, akamgeukia mama yake akiwa analia: "Mama, nisamehe. Sikuwa nafunga. Nilikuwa nataka nipungue."

Kijana anayetaka kupunguza uzito anahitaji msaada wa kweli, na mara nyingi hupata mzaha kwanza. Juma hili tutajifunza jinsi Neno la Mungu linavyomwongoza kijana huyo kula vizuri na kufanya mazoezi. Tutaangalia pia jinsi linavyotuongoza sisi tunaoketi naye mezani na kanisani.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mungu Anatazama Nini?

Soma 1 Samweli 16:7 na Zaburi 139:13–16. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu jinsi Mungu anavyomwona mtu, na kuhusu mwili aliomwumbia?
______________________________________________

Samweli alikuwa nabii mzoefu, lakini hata yeye alipomwona Eliabu alivutwa na kimo na sura. Mungu alimrekebisha. Macho ya binadamu huishia nje, bali Mungu huona moyo. Naye Daudi anakiri kwamba Mungu alihusika na mwili wake tangu tumboni mwa mama yake, kabla hajaonwa na mtu yeyote. Kwa hiyo thamani ya kijana haikuanza siku alipopimwa kwenye mizani, wala haipungui kwa sababu ya namba anayoiona pale.

Ni vyema pia tufahamu jinsi Muumba alivyopanga ukuaji. Katika miaka ya kubalehe mwili hubadilika kwa haraka. Msichana huongezeka mafuta mwilini, hasa nyonga na mapaja, na hilo ni sehemu ya kuwa mwanamke. Vijana wengine huongezeka uzito kwanza, kisha hurefuka baadaye. Kwa sababu hiyo uzito wa kijana haupimwi kwa jedwali la watu wazima. Mhudumu wa afya hulinganisha urefu na uzito wake na umri na jinsia yake. Mara nyingi, kwa kijana ambaye bado anakua, shauri huwa ni kuuzuia uzito usizidi kuongezeka wakati urefu unaendelea, badala ya kuupunguza kwa haraka.

Hata hivyo tusiseme kwamba uzito haujalishi. Uzito uliozidi sana unaweza kuleta shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maumivu ya viungo, hata kwa vijana. Kijana anayetamani kuwa na afya bora hatendi kosa. Yapo maswali mawili ya kujiuliza: Ninataka kupungua kwa ajili ya nani? Nami nitafanya hivyo kwa njia gani?

Je, ukijitazama kwenye kioo asubuhi, ni sauti ya nani unayoisikia kwanza: ya Mungu, ya rafiki zako, au ya mtu aliyekucheka?

JUMATATU

Hekalu Lililonunuliwa kwa Thamani

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Paulo anatoa sababu gani za kuutunza mwili?
______________________________________________

Fungu hili tunalipenda sana tunapofundisha juu ya afya. Lakini tukumbuke kwamba Paulo alikuwa akiwaonya Wakorintho juu ya zinaa. Hoja yake ni pana: mwili si mali yetu, umelipiwa, na Roho Mtakatifu anakaa ndani yake. Hoja hiyo inagusa chakula pia. Lakini mtu akilitumia fungu hili kama fimbo ya kumchapa kijana mnene, amekwenda kinyume na Paulo. Hekalu halichekwi, wala halifungiwi mlango bila mafuta ya taa.

Sasa soma Wakolosai 2:20–23. Paulo anaonya juu ya nini?
______________________________________________

Zipo njia mbili za kuliharibu hekalu. Ya kwanza ni kulipuuza, yaani kula bila kiasi, kukaa kutwa nzima mbele ya simu na kulala usiku wa manane. Ya pili ni kulitesa. Paulo anasema ukali juu ya mwili unaweza kuonekana kama hekima, lakini haumsaidii mtu kuushinda mwili. Binti wa habari yetu alikuwa ametoka kwenye aibu akaangukia kwenye ukali, na watu wakauita ukali huo utakatifu.

Historia ya kanisa letu inatusaidia hapa. Konferensi Kuu iliundwa tarehe 21 Mei 1863. Siku chache tu baadaye, tarehe 6 Juni, Ellen G. White alipewa njozi kule Otsego, Michigan, iliyoonyesha kwamba kuutunza mwili ni wajibu wa dini. Mwaka 1866 taasisi ya kwanza ya afya ya Waadventista ilifunguliwa Battle Creek. Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichotoka 1905, anataja tiba za asili: hewa safi, nuru ya jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kuutumaini uweza wa Mungu. Katika kitabu hichohicho kuna sura nzima inayoonya juu ya kupita kiasi katika mambo ya chakula. Matengenezo ya afya hayakuletwa ili watu wake wadhoofike kwa njaa.

Je, wewe unaelekea upande gani zaidi: kuupuuza mwili au kuutesa? Ungependa Mungu akurekebishe wapi?

JUMANNE

Meza ya Danieli

Soma Danieli 1:8–16. Vijana hawa waliomba chakula cha aina gani, na baada ya siku 10 miili yao ilionekanaje?
______________________________________________

Wengi tumelitumia fungu hili kufundisha juu ya kupunguza mwili. Hebu tusome tena fungu la 15. Baada ya jaribio, Danieli na wenzake walionekana na nyuso nzuri zaidi na miili iliyonawiri kuliko vijana waliokula chakula cha mfalme. Hawakukonda! Danieli hakuukataa mlo. Alikataa kilichomtia unajisi, akachagua chakula rahisi kitokacho shambani, pamoja na maji, naye akala. Tena tuone kwamba aliamua moyoni kwanza, akaomba kwa adabu, na hakuwa peke yake.

Kijana anaweza kumfuata Danieli kwa hatua ndogo zinazowezekana nyumbani:

1. Usiruke mlo, hasa wa asubuhi. Anayeshinda na njaa hadi jioni hula haraka na kupita kiasi. Kiazi kitamu cha kuchemsha, karanga kidogo na tunda vinatosha kuianza siku.

2. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga na matunda: mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, papai, chungwa. Robo iwe ugali, wali au ndizi. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko au dengu. Wengi wetu hufanya kinyume: mlima wa ugali na mboga za kuonjea.

3. Anza na vinywaji. Soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari inayokaribia vijiko vidogo 9. Kuacha soda na kupunguza sukari ya chai ni hatua rahisi, wala haimwachi mtu na njaa. Kunywa maji.

4. Angalia mafuta. Gramu 1 ya mafuta hubeba nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu 1 ya wanga. Viazi ni vilevile, lakini chipsi si sawa na viazi vya kuchemsha. Mandazi, vitumbua na chapati viwe vya siku mojamoja badala ya kila asubuhi.

5. Kula polepole. Tumbo huchukua muda, kama dakika 20 hivi, kuujulisha ubongo kwamba limetosheka. Subiri kabla ya kupakua tena.

Neno kwa wazazi: msimpikie kijana chungu chake peke yake huku wengine mnakula chipsi mbele yake. Hiyo ni adhabu. Danieli alikuwa na wenzake watatu mezani. Nyumba nzima ibadilike pamoja, kwa maana mboga ni njema pia kwa baba na kwa mdogo wake aliye mwembamba.

Ni badiliko gani moja la chakula ambalo familia yako inaweza kulianza juma hili, wote pamoja?

JUMATANO

Amka, Ule, Utembee

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Mungu alimtendea nini Eliya kabla ya kumpa safari ndefu?
______________________________________________

Eliya alikuwa amechoka hata akatamani kufa. Tuone mpangilio wa Mungu. Alimwacha alale. Akampa mkate wa moto na maji. Akamwacha alale tena. Akamlisha mara ya pili, kwa kuwa njia iliyokuwa mbele ingemshinda. Ndipo Eliya akatembea siku 40 hadi Horebu. Usingizi na chakula vilitangulia, ndipo mwendo ukafuata. Kijana anayefanya mazoezi makali bila kula na bila kulala anaugeuza mpangilio huo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Si lazima kwenda jimu wala kununua viatu vya bei kubwa. Kutembea kwa haraka kwenda shule kunahesabiwa. Kuchota maji, kulima bustani, kuruka kamba, kucheza rede au mpira, na gwaride la Watafuta Njia, vyote vinahesabiwa. Aliyezoea kukaa aanze na dakika 10 au 15, kisha aongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo yakilinganishwa na utauwa (1 Tim. 4:8). Hakusema hayana faida. Mazoezi huimarisha moyo, mifupa na misuli, huchangamsha akili na huleta usingizi mzuri, hata pale ambapo mizani haisogei. Kwa hiyo kijana asipime maendeleo yake kwa kilo peke yake. Je, unapanda mlima bila kusimama kama zamani? Je, unalala vizuri? Hizo pia ni habari njema.

Usingizi nao ni sehemu ya matengenezo ya afya. Vijana wanahitaji kulala saa 8 hadi 10. Asiyelala vya kutosha huamka na hamu ya vitu vitamu, na hana nguvu za kutembea. Tena tunayo zawadi ya Sabato. Siku hiyo mwili upumzike, na mizani ipumzike pia. Matembezi ya jioni ya Sabato pamoja na familia, mkitazama kazi za Muumba, ni baraka kwa mwili na kwa roho.

Katika mambo matatu, yaani kula, kulala na kutembea, ni lipi unalolipuuza zaidi? Utafanya nini kesho?

ALHAMISI

Mfungo Alioupenda Bwana

Soma Isaya 58:3–7. Ni mfungo gani ambao Mungu haupokei, na ni upi anaoupenda?
______________________________________________

Watu wa siku za Isaya walifunga huku nia zao zikiwa kwingine. Mungu hakuliangalia tumbo tupu, aliiangalia nia. Kufunga ni kwa ajili ya kumtafuta Mungu na kuwatendea wengine mema. Mtu anayefunga ili akonde hajafunga, amejinyima chakula. Akiliita jambo hilo ibada, anabeba mizigo miwili: njaa, na uongo unaomtenga na wale ambao wangemsaidia.

Wazazi na viongozi, tuwe macho. Zipo dalili ambazo hazitakiwi kungoja: kijana anayekwepa kula na wengine kila mara, anayekwenda kutapika baada ya kula, anayezimia, msichana anayekosa siku zake, anayejipima mara nyingi kwa siku, au anayetumia dawa za kuharisha na chai za kupunguza tumbo. Dawa za kuharisha huondoa maji na chumvi za mwili, wala haziondoi mafuta, nazo zinaweza kudhuru moyo. Tumwombee kijana huyo, na pia tumpeleke hospitali. Kufanya yote mawili si upungufu wa imani.

Sasa soma Mithali 12:18. Maneno yanaweza kufanya kazi gani mbili?
______________________________________________

Katika desturi yetu kumwambia mtu "umenenepa" mara nyingi ni sifa, maana yake amestawi, hana shida. Mama yule mlangoni pengine hakuwa na nia mbaya. Lakini Mithali haizungumzii nia ya msemaji, inazungumzia jeraha la msikiaji. Kijana aliye katika miaka ya kubalehe tayari anajitazama kwa wasiwasi. Neno la mzaha linaloisha kwa msemaji baada ya dakika moja linaweza kukaa kwa kijana miaka mingi. Na kijana mwembamba anayeitwa "fito" huumia vilevile.

Je, yupo mtu ambaye mwili wake umewahi kuufanyia mzaha? Ungemwambia nini leo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Marko 5:35–43 taratibu, kisha usome tena fungu la mwisho.

Binti Yairo alikuwa na umri wa miaka 12, akielekea ujana. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaolia, na walipomsikia Yesu wakamcheka. Yesu aliwatoa nje, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Alimshika binti mkono, akamwinua. Kisha, wakati wote wameduwaa kwa muujiza, Bwana alikumbuka jambo ambalo wengine walilisahau: aliagiza binti apewe chakula.

Yule aliyemrudishia uhai ndiye aliyejali sahani yake. Yesu haoni aibu juu ya mwili wa binti anayekua, wala hauoni kuwa adui. Anataka uishi, usimame, utembee, ule. Tena aliwatoa wenye kucheka kwanza. Huenda hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kanisa kwa kijana anayehangaika na uzito wake: kuutoa mzaha nje, ili abaki na wazazi wake na Yesu.

Turudi kwa binti wetu. Mama yake hakumkaripia. Alimwambia, "Mwanangu, kama unataka kuwa na afya, tutakuwa nayo wote. Lakini utakula." Chungu kilibadilika kwa nyumba nzima. Soda ikaachwa, mboga zikaongezeka. Jioni mama na binti walitembea pamoja hadi barabara kuu na kurudi, na huko njiani walianza kuzungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza. Baada ya miezi kadhaa mizani ilikuwa imeshuka kidogo tu. Lakini binti alikuwa amerefuka, alipanda kilima cha shule bila kupumzika, na kwenye kwaya hakuishiwa pumzi. Yule mama wa mlangoni aliposikia habari, alikwenda nyumbani kwao siku ya katikati ya juma. Alikaa, akakosa pa kuanzia, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuumiza. Nisamehe." Binti akasema, "Nimekusamehe, mama." Kisha wakala pamoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa letu, vijana husikia nini kuhusu miili yao: mlangoni, kwenye kwaya, kwenye makambi? Darasa lenu linaweza kubadili nini?

2. Chakula chetu cha pamoja cha Sabato kinafundisha nini juu ya afya? Je, kijana anayejitahidi kula vizuri hupata cha kula, au hulazimika kuchagua kati ya pilau yenye mafuta mengi na soda?

3. Tunawezaje kufundisha kweli ya kufunga ili iwe njia ya kumtafuta Mungu, wala isiwe maficho ya kijana mwenye aibu? Wakati wa kutangaza mfungo, ni akina nani wanaopaswa kuambiwa waziwazi kwamba wasiache kula?

4. Wakolosai 2:20–23 na 1 Wakorintho 6:19, 20 yanasimamaje pamoja? Toeni mfano wa mtu anayeutunza mwili bila kuutesa.

5. Mpangilie familia moja ya kufikirika, yenye kipato kidogo, mlo wa siku moja kwa vyakula vinavyopatikana sokoni kwenu. Je, kula vizuri ni lazima kugharimu zaidi? Shirikishaneni mnachokijua.